Meno Yaliyovuka Bahari

Kila usiku kabla ya kulala huyatoa meno yangu kinywani, nikayasugua kwa brashi, nikayaweka ndani ya bilauri ya maji kando ya kitanda. Mjukuu wangu wa miaka sita hupenda kuja kuyatazama. Siku moja aliniuliza, "Babu, uliyanunua wapi?" Nikamjibu kwamba niliyafuata mbali, ng'ambo ya bahari, kisha nikayapata hapa karibu. Hakuelewa, wala sikumlaumu, kwani mimi mwenyewe ilinichukua miaka mingi kuelewa. Insha hii ni jibu refu la swali lake fupi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kushika chaki mwaka 1972, nikapanda hadi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Somo langu lilikuwa Kiswahili. Sasa ninaishi Kwa Mathias, hapa Kibaha, mahali ambapo usiku kucha husikia malori ya Barabara ya Morogoro yakienda bara na yakirudi.

Jino langu la kwanza liling'olewa mwaka 1976. Lilikuwa gego lenye tundu dogo. Tabibu alilitazama, akatikisa kichwa, akashika koleo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ganzi na koleo, lakini hakuwa na kitu cha kuzibia. Basi kila jino lililouma lilikwenda kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa kijana, na kijana hahesabu meno. Nilipofika miaka hamsini nilikuwa na mapengo pande zote mbili, na nilipostaafu mwaka 2010 nilikuwa nimebakiwa na meno machache yaliyolegea kama vigingi vya hema katika mchanga.

Hasara ya meno haiishii tumboni. Mwalimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi kwamba sauti za *th* na *dh* hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno, na kwamba *f* na *v* huhitaji meno ya juu na mdomo wa chini. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo kwa miaka karibu arobaini. Sasa neno "thamani" likitoka kinywani mwangu lilikuwa pumzi tupu. Alipofariki rafiki yangu mmoja tuliyefundisha naye, wafiwa waliniomba nisome wasifu wa marehemu. Nilikataa, nikasingizia mafua. Aliyesoma badala yangu hakumjua vizuri, akakosea hata jina la kijiji alichozaliwa. Nilikaa kwenye mkeka, kiganja kikiwa mdomoni, nikaona aibu mbili kwa wakati mmoja: ya kinywa na ya uongo.

Ndipo nilipoanza kufikiria safari ya India. Na kwa kuwa mwalimu hata akistaafu haachi kusoma, nikaanza pia kufuatilia historia ya meno bandia. Niliyoyakuta yalinishangaza. Watu wa pwani hii tumo ndani ya historia hiyo tangu zamani. Ila tulikuwa upande wa kutoa.

Nianze na mnyama tunayemjua vizuri. Viboko wamo katika mto Ruvu, usio mbali na hapa nilipo, na katika Wami na Rufiji. Sisi wanafunzi wa zamani tulimjua kiboko kwa ngozi yake, maana fimbo iliyotengenezwa kwa ngozi hiyo ilichukua jina lake, na hata fimbo ilipokuwa ya mti jina halikubadilika. Wenzetu wa ng'ambo walimjua kwa meno yake. Katika karne ya 18 mafundi wa meno wa Ulaya na Marekani walipenda kuchonga meno bandia kutoka katika jino la kiboko, kwa sababu ni gumu kuliko pembe ya ndovu na haligeuki rangi upesi.

George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani, tarehe 30 Aprili 1789, alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Watu wengi husimulia kwamba alivaa meno ya mti. Si kweli. Seti moja aliyotengenezewa na daktari wa meno John Greenwood ilichongwa kwa jino la kiboko, na ndani yake yakapachikwa meno ya binadamu. Wakati huo hapakuwa na kiboko wa porini popote duniani isipokuwa Afrika. Basi kiongozi huyo alipokuwa akila na kuhutubia, kipande cha mto fulani wa Afrika kilikuwa kinywani mwake. Tena, katika daftari lake la hesabu la Mei 1784 yameandikwa malipo kwa watu weusi kwa ajili ya meno tisa, katika hesabu ya daktari wa meno Mfaransa. Nyumbani kwake Mount Vernon waliishi mamia ya watumwa. Mtumwa aliyeuziwa nafsi yake yote, angewezaje kukataa bei ya jino?

Ulaya nako mambo hayakuwa mazuri zaidi. Baada ya vita vya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, maelfu ya vijana walilala wafu katika mashamba ya Ubelgiji, na watu walipita wakiwang'oa meno ili kuyauza kwa mafundi. Meno ya namna hiyo yaliitwa meno ya Waterloo. Yalisifiwa kwa kuwa yalitoka kwa vijana wenye afya. Ndivyo ilivyokuwa: mwenye fedha alipokosa jino, jino lilitoka kwa asiye na sauti, awe mnyama, mtumwa au maiti.

Na pwani yetu? Miongoni mwa bidhaa zilizotoka Zanzibar katika karne ya 19, pamoja na karafuu, sandarusi na pembe za ndovu, yalikuwamo meno ya kiboko. Wapagazi walizishusha pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, zikavushwa kwenda Unguja. Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo pembe nyingi zilipelekwa kwanza Bombay, mji tunaouita sasa Mumbai, na kutoka huko zikauzwa tena London. Wazee wetu walisema "pembe". Magazeti ya leo husema "meno ya tembo", na magazeti yamesema kweli zaidi, kwa sababu pembe hizo ni meno. Labda wazee wetu wangeyaita meno tangu mwanzo, tungetambua mapema kwamba tulikuwa tukiuza vinywa.

Meno ya kiboko hayakudumu katika kazi hiyo. Yalioza kwa mate na kunuka vibaya. Katika miaka ya 1850 yalikuja meno yenye ufizi wa mpira mgumu, kutokana na ugunduzi wa Charles Goodyear wa kupika mpira pamoja na salfa, na kuanzia miaka ya 1930 ikaingia plastiki ya akriliki inayotumika hadi leo. Hapo ndipo meno bandia yalipoanza kumfikia mtu wa kawaida. Hata hivyo, mtu wa kawaida wa kwetu alihitaji kwanza daktari wa kumtengenezea, na daktari huyo hakupatikana kwa urahisi. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka kusomea kazi hiyo alilazimika kwenda nje ya nchi.

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usimame nami kidogo, kwa maana ndipo historia iliponiuma. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, akishirikiana na wenzake wa chuo cha Dar es Salaam, alijaribu njia mpya ya kuziba jino. Haikuhitaji umeme, wala mashine ya kutoboa, wala mara nyingi sindano ya ganzi. Sehemu laini iliyooza ilichokolewa kwa vyombo vya mkono, na tundu likajazwa saruji ya meno inayoshikamana na jino. Njia hiyo ingeweza kufanyika chini ya mwembe, mgonjwa akiwa amelala juu ya meza. Iliendelezwa katika nchi nyingine, na katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote.

Miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa nikipoteza magego yangu, moja baada ya jingine, kwa matundu madogo ambayo njia hiyo ingeyaziba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa wangu, na udongo wa kuuzibia ulikuwa unakandwa katika nchi yangu. Lakini haukunifikia, nami sikuutafuta.

Tukija sasa kwenye meno ya kupandikizwa, tunakuta tena jambo linalogusa Kibaha. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa alikuta mfupa umeshikamana na madini hayo hata hayatoki. Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimpandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, skrubu za titani katika taya la chini, kisha meno yakafungwa juu yake. Larsson aliishi hadi mwaka 2006, na vipandikizi vyake bado vilikuwa kazini. Miaka hiyo ya 1960 Waswidi wengine walikuwa hapa Kibaha. Mkataba wa mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika ulitiwa saini mwaka 1963, ukatuletea shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 ukakabidhiwa Serikali yetu. Ndio uliozaa Shirika la Elimu Kibaha na hospitali ya Tumbi. Nchi ile ile ilikuwa inatuletea shule kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili inaanza kupanda meno ambayo mimi ningeyatamani miaka hamsini baadaye.

Bei ya kupandikiziwa kinywa kizima ni kubwa popote ulimwenguni. Ndiyo sababu Wamarekani huvuka mpaka kwenda Meksiko, Waingereza huenda Hungaria na Uturuki, na sisi wa Afrika Mashariki hutazama India. India ina vyuo vya meno zaidi ya 300, ina maabara nyingi za kutengenezea meno, na gharama ya kazi ya fundi ni ndogo. Tena njia ya kwenda huko tunaijua. Kwa miaka mingi Serikali yetu ilipeleka wagonjwa wa moyo na maradhi mengine huko, kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanzishwa mwaka 2015. Na mwezi Julai 2019 Air Tanzania ilianza kuruka moja kwa moja hadi Mumbai.

Kiinua mgongo changu kilikuwa kimekwisha zamani, kwa kujenga nyumba na kusomesha watoto. Kilichobaki ni kiwanja cha nusu ekari huko Mlandizi, tulichokusudia kumwachia binti yetu wa mwisho. Nilimwambia mke wangu kwamba nataka kukiuza. Yeye meno yake yote yamo kinywani, ya kijiti cha mswaki tangu utotoni. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, kiwanja kinazaa muhogo. Hayo meno yatazaa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikiuza.

Niliondoka Januari 2020. Januari ni msimu wa kaskazi, upepo unaoleta majahazi kutoka Bara Hindi. Mimi nilikuwa juu ya mawingu, nikienda kinyume chake, nikifuata njia ya pembe na meno ya kiboko. Majahazi yalichukua wiki kadhaa. Mimi nilichukua saa chache.

Daktari wa Mumbai alikuwa mpole na mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliyang'oa meno yangu yaliyobaki, akapanda skrubu nne katika taya la chini, akanipa meno bandia ya muda. Alinieleza kwamba kwa umri wangu na kwa kisukari changu, mfupa ungehitaji miezi ya kushikamana na titani, na taya la juu lilipaswa kupona kwanza. Nirudi mwezi Juni. Niliporudi Kwa Mathias majirani walinipongeza, nami niliwacheka waliosema nimepoteza ardhi.

Tarehe 22 Machi 2020 India ilifunga anga lake kwa ndege za kimataifa za abiria kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Safari za kawaida hazikurejea hadi tarehe 27 Machi 2022. Kwa miaka miwili nilikuwa na chuma ndani ya taya na meno ya muda yaliyocheza kinywani kama sahani juu ya meza mbovu. Nilikula uji, ugali uliolowekwa katika mchuzi, na ndizi. Fedha niliyoiweka kwa safari ya pili ililiwa kidogo kidogo, kwa dawa, kwa ada, kwa chakula, kama fedha zinavyoliwa wakati wa shida. Nilipopiga simu kule kliniki, aliyepokea alikuwa mtu mwingine, na daktari wangu alikuwa amekwisha hama. Niliomba jina la kampuni iliyotengeneza skrubu zangu. Sikupewa. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimerudi nyumbani na mlango uliopigiliwa ukutani, ufunguo nikiuacha ng'ambo.

Mwaka 2023 binti yangu, yule yule aliyekosa kiwanja, alinichukua hadi Dar es Salaam kwa daktari wa meno kijana aliyesomea Muhimbili. Nilikwenda bila matumaini. Alipiga picha ya taya zima, akaitazama kwa muda, akalinganisha umbo la skrubu na picha alizokuwa nazo, akataja jina la mtengenezaji. Skrubu moja ilikuwa imelegea, akaitoa. Tatu zilikuwa imara. Kisha akaniambia jambo ambalo nilitamani kulisikia miaka mitatu nyuma: kwamba mzee asiye na meno taya la chini hahitaji msitu wa skrubu. Mbili zinatosha kushika meno bandia ya kuvaa na kuvua, kwa vifungo vidogo kama vya shati. Nilipochunguza baadaye nilikuta kwamba wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka 2002, walikubaliana hivyo hivyo. Taya la juu lingetosha kwa meno bandia ya kawaida, kwani paa la kinywa huyashika lenyewe.

Aliagiza vifungo, fundi wake akatengeneza meno, nikavaa. Nilipomwuliza ingegharimu kiasi gani kama ningeanzia kwake, alitaja kiasi. Nilikihesabu njiani, ndani ya daladala. Kiwanja kisingeuzwa.

Simlaumu aendaye India. Wapo wanaopata huko tiba ambayo hapa haipo, na wapo waliorudi wakicheka kwa meno imara. Lakini nimejifunza kwamba jino si bidhaa unayoinunua mara moja ukaondoka nayo. Jino, la kuzaliwa au la kupandikizwa, linamtaka mtu wa kulitunza, na mtu huyo sharti awe mahali ambapo unaweza kumfikia hata dunia ikifunga milango. Anayetaka kusafiri na aulize kwanza kwa daktari wa karibu kama hakuna tiba ndogo inayotosha. Ahesabu safari zote, si ile ya kwanza tu. Na asitoke katika kiti cha daktari bila kadi iliyoandikwa jina la mtengenezaji na kipimo cha kila kipandikizi. Mwenye mtoto mwenye tundu dogo katika jino na alizibe wiki hii, asingoje.

Miaka mia mbili iliyopita meno yalitoka huku kwetu kwenda kujaza vinywa vya wengine, na hatukuwa na la kusema. Leo tunavuka bahari wenyewe kuyafuata, na tunalo la kusema, iwapo tutauliza kabla ya kuuza.

Jioni niliyorudi na meno yangu mapya, nilimsomea mke wangu kwa sauti ukurasa mmoja wa gazeti, *th* na *dh* zote zikiwa mahali pake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliingia jikoni, akaniletea sahani ya muhogo wa kuchemsha. Hakusema neno. Nilitafuna polepole, na kila tonge nilikumbuka kwamba ulikuwa muhogo wa kununua sokoni.